Paneli ya kengele ya moto yenye anwani katika jengo la nyumba 16, Lubumbashi: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Jengo liko Bel-Air: ghorofa nne juu ya parkingi iliyo wazi, nyumba nne kila ghorofa, ngazi moja. Tulifunga paneli ya kitanzi kimoja (waya mmoja unaozunguka jengo na kurudi), vitambua moshi 38, vitambua joto 16, vitufe vya kuvunja kioo 5 na ving'ora 21. Chapa siitaji. Vifaa vya namna hii vinaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa kwa majina mengi, na makosa niliyoyaona yangetokea kwa chapa yoyote.

Swali la kwanza la kila mwenye jengo ni kama achukue mfumo wa kanda au wa anwani. Wa kanda ni rahisi, na fundi umeme yeyote wa mjini anaujua. Lakini unakuambia "ghorofa ya 3" basi. Sentineli (mlinzi) anapanda saa nane usiku kugonga milango minne, na mwenye nyumba inayoungua huenda ndiye amelala fofofo. Wa anwani unaandika kwenye kioo cha paneli nyumba na chumba. Kwenye bei tulizoletewa, vitambuzi vyake vilikuwa karibu maradufu, ila waya ulipungua kwa sababu vifaa vyote 80 vinakaa kwenye mzunguko mmoja. Kwa jengo la nyumba sita hivi ningechukua wa kanda bila kusita. Kuanzia kumi, hapana.

Ukichukua wa kanda, jaribu jambo moja kabla ya kulipa salio. Kila laini inamalizika na rezistansi, ambayo paneli inaitazama kujua laini ni nzima, na inatakiwa ikae kwenye kitambuzi cha mwisho kabisa. Fundi mvivu anaifunga ndani ya paneli. Taa inabaki kijani milele, hata laini ikikatika. Chomoa kitambuzi cha mwisho: paneli lazima ilalamike kabla ya dakika mbili. Ikinyamaza, umeuziwa sanduku lenye taa.

Kwenye kitanzi kosa ni lingine. Waya unatoka kwenye paneli, unazunguka jengo na kurudi, ili ukikatika mahali pamoja vifaa vilishwe kutoka upande wa pili. Kwetu fundi alipitisha waya wa kwenda na wa kurudi katika bomba lilelile la ngazi. Moto mmoja hapo unakata vyote viwili, na kitanzi hakina maana tena. Tulimrudisha apitishe wa kurudi upande wa mabomba ya maji. Dai pia vitenganishi, angalau kimoja kila ghorofa, ili shoti ya nyumba moja isizime jengo zima. Waya uwe mwekundu unaostahimili moto, 2 × 1.5 mm². Waya wa simu wa bei nafuu unayeyuka kabla king'ora hakijamaliza kulia.

Sasa betri, maana hapa kwetu ndipo mifumo mingi inapofia. Paneli ilikuja na betri mbili za volti 12, 7 Ah (ampea-saa), zinazofungwa mfululizo kupata volti 24. Mfumo wetu ukiwa umetulia unakula ampea 0.25, na ukilia ampea 1. Kusubiri saa 24 ni 6 Ah, kulia nusu saa ni 0.5, jumla 6.5. Zidisha kwa 1.25 kwa ajili ya uzee wa betri, unapata kama 8.1. Kwa hiyo zile za 7 hazikutosha hata siku moja. Na delestaji (mgao wa umeme) ya SNEL, shirika la umeme, haihesabu saa 24: kabini ya mtaa, yenye transfoma, ikiungua, siku mbili gizani si habari. Tulipiga hesabu ya saa 48, ikatoka 15.6, tukanunua za 18 Ah. Kabla ya kununua soma kwenye kitabu cha paneli chaja inaruhusu betri kubwa kiasi gani. Kanuni ya Ulaya EN 54-4 inataka irudishe chaji hadi asilimia 80 ndani ya saa 24, na chaja ndogo haitafika huko. Usiweke paneli kwenye chumba cha juu chini ya mabati, joto linakula betri. Andika tarehe ya kununua juu ya betri kwa kalamu nene.

Jikoni usiweke kitambua moshi. Umeme ukikatika watu wanarudi kwenye mbabula (jiko la mkaa), na makala, yaani mkaa, yakianza kushika yanatoa moshi wa kutosha kuamsha jengo zima. Tumia kitambua joto, tena kile cha kiwango maalum cha joto. Kile kinachopima kasi ya joto kupanda kitalia kila mtu akifungua oveni. Kitambua moshi kiwe kwenye korido ya nyumba na sebuleni, angalau nusu mita kutoka ukutani. Na tuelewane: hakuna kimojawapo kinachonusa gesi ya makala, ile isiyo na harufu inayoua watu waliofunga dirisha na mbabula ndani usiku wa baridi wa Juni. Hiyo inataka kifaa chake.

Ving'ora: ofa ya kwanza ilikuwa na vitano vya ngazini tu. Piga hesabu. King'ora cha desibeli 100 kwa mita 1 kinabaki na 88 kwa mita 4. Mlango uliofungwa unakula kama 25, na mlango wa chumba cha kulala unakula tena. Kitandani inabaki chini ya 40, wakati aliyelala anahitaji 75. Ndiyo maana kila nyumba ina chake. Nilipima kwa simu milango ikiwa imefungwa. Simu si chombo cha maabara, lakini inatosha kumnyamazisha muuzaji.

Vumbi jekundu la kiangazi limetupa alamu tatu za bure, zote Agosti, zote ngazini. Vifuniko vya plastiki vinavyokuja na vitambuzi visitolewe hadi rangi na sakafu viishe, na baada ya hapo pitisha mashine ya kufyonza vumbi kila miezi sita. Novemba ni zamu ya kumbikumbi, kwa hiyo usifunge kitambuzi karibu na taa. Novemba hiyohiyo radi zinaanza: weka parafudri (kinga ya radi) kwenye umeme unaoingia paneli na kwenye waya wowote unaotoka nje kwenda getini.

Kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni ucheleweshaji. Kitambua moshi kimoja kikishtuka, paneli inalia kwa sentineli peke yake kwa dakika mbili. Asipoenda kuangalia, au kitambuzi cha pili kikishtuka, au mtu akivunja kioo, jengo zima linalia papo hapo. Majina ya kwenye kioo tuliyaandika kwa maneno anayoyatumia sentineli mwenyewe: "Et 2, nyumba 7, jikoni" (Et ni ghorofa).

Kinachonifanya niondoe nyota moja ni nenosiri la programu. Aliyefunga alibaki nalo, na kila tulipobadilisha kitambuzi alidai malipo ya kuja kubofya vitufe viwili. Tulilipata mwezi wa tisa, baada ya kushikilia malipo ya matengenezo. Liandikwe kwenye mkataba kabla ya avansi (malipo ya mwanzo), pamoja na faili la programu kwenye ufunguo wa USB, mchoro wa kitanzi, vitambuzi viwili vya akiba na vioo vitano vya vitufe. Nyota 4 kati ya 5.