Uzoefu wangu: koilova za Altezza na gereji iliyoniambia "gari za chini ndo zilivyo"

Naanza na hukumu kabisa ili asiye na muda asome hapa aondoke. Koilova zenyewe (shokapu zenye springi ambazo urefu wake unarekebishika) nazipa 8 kwa 10. Gereji iliyozifunga naipa sifuri. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua, iko hapa hapa Dar na ina sifa kubwa ya kushusha magari, ukipita nje unakuta Mark X na Crown zimepangwa zimelala vizuri mpaka unatamani, ndo maana na mimi nikaingia.

Gari yangu ni Altezza. Mambo ya koilova ina klik ngapi na springi ya kilo ngapi mtayasoma wenyewe kwenye boksi, mi nataka kuongelea kitu kimoja tu, namna ya kuipandisha na kuishusha gari, maana hapo ndo nilipoteswa na hapo ndo nikajibiwa majibu ambayo sijawahi kujibiwa na mtu niliyempa hela yangu mwenyewe.

Niliwaambia wazi, sitaki ilale chini kabisa, nakaa Goba, vile vilima na makorongo ya mtaani mnavijua, na ukitoka huko unakutana na matuta na rasta mpaka mjini, nataka tu ile nafasi kati ya tairi na madigadi ipungue na gari isiyumbe kwenye kona. Wakasema poa. Jioni nikakabidhiwa gari, kwa macho imekaa safi sana, nikalipa nikaondoka roho nyeupe. Tuta la kwanza tu, go! Mbele, kushoto zaidi. Tuta la pili, go. Kufika kwenye rasta ikawa gogogogo mfululizo mpaka dashibodi inatetemeka.

Nikarudi. Boss wao kakaa kwenye kiti chake nje, hata hakuinuka. Nikamwamkia vizuri, nikamwambia kaka gari inagonga mbele, naomba muipige jeki muiangalie. Akanijibu mbele ya wateja wengine, "Mdogo wangu, gari za chini ndo zilivyo, ukitaka utulivu ungenunua Noah." Watu wakacheka. Mimi nimesimama pale na funguo mkononi. Nikasisitiza, akaja kwa kujivuta, akakandamiza bodi kwa mkono mara mbili, akasema hamna kitu hapo, huo mlio wa kawaida, shokapu mpya zinazoea. Jeki hakuleta! Kuna mlio gani wa mguu (yaani shokapu, springi na mikono inayoshika tairi) unaugundua kwa kukandamiza bodi huku tairi ziko chini? Mlio wangu unatokea pale mguu unaponing'inia ukitoka kwenye tuta, ukikandamiza unaubana, lazima ukae kimya.

Mwisho akamwita dogo mmoja akamwambia "mpandishie kidogo hiyo kushoto aondoke". Dogo akaja na spana ya ndoano, akazungusha ringi ya springi upande wa kushoto tu, biashara imeisha. Kushoto pakaacha kugonga kweli, ila pakawa pagumu, kila kashimo nakapata kwenye kiuno, na kulia mlio ukabaki pale pale, na sasa gari inavuta, usukani nikiuachia inaenda upande. Alaimenti walinipeleka siku ya kufunga, sawa, halafu wakaja kubadilisha urefu wa mguu baada ya alaimenti, kwa hiyo ile hela ya alaimenti ilikufa palepale. Ukigusa urefu wa mguu, kamba (mlalo wa tairi) na tou (tairi inaelekea wapi) vyote vimehama, hili hata fundi wa wiki moja anatakiwa alijue.

Sasa nieleze walichofanya maana wengi tunaliwa hapa. Koilova za aina yangu zina sehemu mbili za kuzungusha. Juu kuna kiti cha springi na ringi yake ya kulokia, chini kuna kikombe kinachofungwa kwenye mkono wa gari nacho kina loknati yake, yaani nati ya kukilokia. Kiti cha springi ni cha kuipa springi mkazo wake. Kupandisha na kushusha gari ni kule chini, shokapu nzima inazama au inatoka kwenye kile kikombe, springi haiguswi, na shokapu inabaki na safari yake yote. Zipo koilova ambazo hazina hiyo sehemu ya chini, zile unashusha kwa kiti cha springi tu, hapo sina ugomvi na fundi. Zangu sio hizo. Wao wakateremsha kiti cha juu, springi ikabaki inaelea, tairi ikining'inia springi inaachia kiti, tairi ikigusa chini springi inarudi kugonga. Ndo hiyo "gari za chini ndo zilivyo".

Haya yote sikuyajulia kwao, nimeyajulia kwa mzee mmoja fundi wa miguu Ilala, hana bango, hana kiyoyozi, ana shimo na jeki na futi. Kitu cha kwanza hakushika spana, alishika futi, akapima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, kushoto sentimita 34, kulia 32. Nikamuuliza mbona hapimi kutoka chini, akasema "mwanangu, upepo wa tairi ukitofautiana futi itakudanganya." Akapiga jeki kulia, akatoa tairi, akaniita, "weka vidole hapo". Nikashika springi kwa vidole viwili nikaizungusha, ikazunguka yote, na ringi ya kulokia imeachia inacheza na kulia ka-ka-ka kwenye thredi. Mgari mzima nimeuendesha hivyo, familia iko ndani, barabara ya Bagamoyo malori yanapita pembeni. Niliishiwa maneno.

Mzee akasugua thredi kwa brashi ya waya, akapulizia mafuta, akasubiri, akafungua. Akakipandisha kiti mpaka springi ikagusa, akaongeza kidogo, akaloki, akapiga alama ya chaki, kushoto nako akalegeza ule ujinga wa kukaza springi, akaweka sawa na kulia. Urefu akautafuta kule chini. Gari ikashushwa, tukaisukuma mbele na nyuma ili tairi zikae, akapima tena, akarudia mpaka pande zote zikasoma namba moja. Halafu akaingia shimoni akalegeza boli za mikono na kuzikaza upya gari ikiwa imesimama kwa uzito wake. Wale walizikaza mguu ukiwa unaning'inia kwenye jeki, kwa hiyo raba za bushi zimejikunja muda wote gari ikiwa chini, na bushi moja ya mkono wa chini imeshaanza kuchanika. Bushi nzima niliyowapelekea mimi!

Nilisema sifuri. Ngoja niwe muungwana kidogo. Ile siku narudi kulalamika, yule dogo mwenye spana ya ndoano alinifuata mpaka kwenye gari akaniambia kwa sauti ya chini, kaka samahani, hapa tunashushia juu kwa sababu loknati za chini ngumu, zinachukua muda na foleni ya magari ni kubwa. Kijana mstaarabu, ana adabu, na mkono wake mwepesi, akipata mtu wa kumwelekeza atafika mbali. Kwa ajili yake naweza kuwapa hata 2.

Lakini nikikaa nikiyafikiria yale maneno damu inachemka. Kama dogo anajua, boss anajua! Haikuwa kutojua, ilikuwa haraka ya kumaliza gari nyingine, halafu mtu anakaa kwenye kiti anakuambia ukanunue Noah. Ringi imeachwa haijalokiwa kwa makusudi ya kuokoa nusu saa. Hapana, narudi kwenye sifuri, na dogo nimuombee apate kazi sehemu nyingine.

Na hizi koilova nazo, nimezipa 8 juu hapo ila mzee alipokuwa anasugua nimeona thredi za chini zimeshaanza kukamata kutu na tope, na hazina muda mrefu kwenye gari, na aliyeniuzia hakuniambia zinataka kusafishwa, wala ndani ya boksi spana ya pili haikuwepo, na bila spana mbili ringi huwezi kuiloki sawasawa. Basi 6. Ingawa asubuhi nimepita rasta zote mpaka Mwenge kimya kabisa, gari imekaa chini, haiyumbi, laini, nikawa natabasamu peke yangu. 7. Kwa Altezza bado ningezinunua.

Gereji nimewaandikia warudishe hela ya ufundi tu, wala sijadai tairi mbili za mbele ambazo zimeliwa kwa ndani mpaka nyuzi zinakaribia kuonekana. Tiki mbili za bluu, kimya. Simu inaita haipokelewi. Mzee kaniambia nisikimbilie alaimenti, niitembeze kwanza springi zitulie, nirudi apime tena na futi yake na abadilishe ile bushi, ndipo niende kwenye mashine na tairi mpya. Spea ya bushi naitafuta Gerezani wiki hii, nikishatoka kwenye mashine ntasema kama bado inavuta.