Wavu au bakuli: kunasa wadudu wa nyikani

Bakuli za plastiki za njano, nyeupe na buluu, zenye maji na tone la sabuni, ni bei poa na hutega zenyewe huku wewe ukipima nyasi. Ila jua la Laikipia huweza kukausha maji kabla ya jioni. Tena nyuki aliyezama hakuambii alitoka ua gani.

Wavu hujibu hilo: unamnasa juu ya ua lenyewe, chavua ingali miguuni. Lakini mgeni na mzoefu hawaleti idadi sawa, na miiba ya mgunga huuchana. Beba sindano na uzi.

Una vituo vingi, watu wachache? Tega bakuli. Unatafuta nani hutembelea ua gani? Shika wavu.