Kilwa Kisiwani jioni: mashua, magofu na chakula cha usiku

Safari ya jioni kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ina thamani ya pesa yake, lakini kinachoiharibu au kuipamba ni maji kuliko mpishi. Wauzaji wa safari wa Kilwa Masoko, mji wa bara mnakopandia mashua, hunadi sana usiku wa mbalamwezi. Hawasemi kwamba mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kutoka kupita kawaida: hujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha hutoka hadi karibu saa nne usiku. Kwenda ni raha tupu. Kurudi, mkichelewa, chombo hukwama mbali na ufuko, mkashuka kwenye tope na matumbawe makali, viatu mkononi. Siku hizo nahodha awe ameng'oa nanga kutoka kisiwani kabla ya saa moja usiku. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji yakijaa na kutoka kidogo tu, mambo hugeuka: mtalowa miguu mkishuka kisiwani, ila kurudi ni kwepesi.

Kuvuka ni kama kilomita 2. Upepo wa jioni hulegea, kwa hiyo mashua ya tanga tupu isiyo na mashine inaweza kuwaacha mkielea gizani. Juni hadi Agosti, kusi likivuma, chukua koti na mfuko wa plastiki wa simu. Jaketi okozi zihesabiwe kabla ya kupanda.

Kosa kubwa la ratiba ni kuanzia Gereza, ngome ya zamani, kwa kuwa ndiko mnakoshukia. Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100 na hodhi la pembe nane, liko mbali zaidi, na jua likishazama giza haliombi ruhusa. Anzeni huko, mje Msikiti Mkuu mwanga ukiwa umeinama chini ya kuba zake, mmalizie Gereza. Muulizeni muongozaji awaonyeshe chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Waongozaji wengine hawaelezi kuta, hukimbilia hadithi za masultani. Kibali cha kuingia hukatwa Masoko saa za kazi, na ulizeni mapema kama kimo ndani ya bei.

Chakula huliwa mkirudi, pwani ya Jimbizi, huko Masoko. Agizeni samaki wa kupaka, changu au kolekole. Samaki aive kwanza juu ya makaa, ndipo apakwe tui zito lenye ukwaju, kitunguu saumu na pilipili, mara mbili tatu. Tui likiwahi, hudondokea makaa, moshi ukapanda, ngozi ikawa chungu na ndani kubichi. Pweza aagizwe asubuhi: asipopondwa na kuchemshwa taratibu hadi alainike, nazi yote ya Lindi haitamwokoa. Korosho za kutangulizia hazina lawama.

Mnaotoka Lindi au Mtwara, shukeni Nangurukuru, njia panda ya barabara kuu, kisha kama kilomita 30 hadi Masoko. Pangeni kulala hapo. Mkimaliza kula, usafiri wa kutoka umeshakwisha.