Final Fantasy XII: The Zodiac Age, vita vinavyopiganwa kwenye orodha

Mchezaji aliyezoea michezo ya Kijapani ya kuigiza uhusika, ambamo kila pigo husubiri zamu na kila zamu husubiri amri, hushangaa saa chache tu baada ya kuanza Final Fantasy XII, kwa kuwa wahusika wake hupigana, hutibiana na kumaliza kundi zima la maadui bila yeye kugusa kitufe chochote isipokuwa cha kutembea. Mchezo huu ulipotoka kwa PlayStation 2 mwaka 2006, wapo walioudhihaki kwamba unajicheza wenyewe. Kwangu huo ndio uzuri wake mkubwa, na toleo la The Zodiac Age, lililoanzia PlayStation 4 mwaka 2017 kisha likafika kwenye kompyuta, Nintendo Switch na Xbox One, limeung'arisha zaidi uzuri huo, ingawa halikugusa udhaifu wa zamani ulio katika masimulizi.

Kiini cha yote ni gambiti, yaani amri fupi zenye sharti na tendo, ambazo kila mhusika hupangiwa katika orodha inayosomwa kutoka juu kwenda chini. Mwenzako akibakiwa na uhai chini ya nusu, mtibu. Adui akiwa arukaye, mrushie mshale. Kiongozi akimshambulia yeyote, mshambulie huyohuyo. Mpangilio ndio unaoamua kila kitu, kwa sababu ukitanguliza shambulio kabla ya tiba, tabibu wako ataendelea kupiga rungu huku wenzake wakianguka mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yake. Mara kadhaa nimeshindwa na maadui wasionizidi nguvu hata kidogo, na niliporudi kuisoma orodha nikakuta kosa ni langu: tabibu alikuwa akimaliza nguvu zake za uchawi kwa kuwahudumia watu wenye michubuko tu. Nilishusha sharti lake kutoka asilimia 70 ya uhai hadi asilimia 40, na pambano lililonishinda mara tatu likaisha bila mimi kuingilia. Furaha ya namna hiyo, ya fundi anayeona mtambo wake ukizunguka sawasawa, sijaipata katika mchezo mwingine wa aina hii.

Hata hivyo mfumo wenyewe una ubahili usioeleweka. Masharti hununuliwa dukani moja moja kama vile ni panga au ngao, na hakuna njia ya kuunganisha masharti mawili katika amri moja, kwa hiyo mtu anayetaka adui dhaifu kwa moto apigwe kwa moto pale tu ambapo nguvu za uchawi bado zinatosha hulazimika kuzunguka kwa mistari miwili au mitatu, na nafasi za orodha si nyingi kiasi hicho.

Toleo hili pia limewagawia wahusika kazi 12 za kuchagua, kila mmoja akichukua mbili. Katika mchezo wa awali wahusika wote sita wangeweza kujifunza karibu kila kitu, na mwishowe wakafanana kama mapacha. Sasa mpiga upinde na mganga wana tofauti ya kweli. Mwaka 2017 uchaguzi huo haukuweza kubatilishwa, jambo lililomwadhibu mgeni kwa kutojua mambo ambayo hakuna aliyemweleza, lakini matoleo ya mwaka 2019 yaliruhusu kuufuta na kuanza upya.

Sasa nije kwenye masimulizi. Mwanzo wake ni mzuri mno. Dalmasca, ufalme mdogo uliobanwa kati ya madola mawili, Archadia na Rozarria, umetekwa; binti mfalme Ashe amefiwa na mume na baba, na watu wanaamini naye amekufa; kapteni Basch amebebeshwa lawama ya kumuua mfalme wake mwenyewe. Swali linalomkabili Ashe, kama atumie jiwe lenye nguvu za kuangamiza ili kulipiza kisasi kwa walioangamiza nchi yake, ni swali la watu wazima. Yasumi Matsuno, aliyeubuni ulimwengu huu wa Ivalice, aliondoka kabla kazi haijakamilika kwa sababu za kiafya, na Hiroyuki Ito pamoja na Hiroshi Minagawa wakaimalizia. Sitaki kudai kwamba hilo ndilo chanzo, lakini katika nusu ya pili siasa hunyamaza kwa muda mrefu kupita kiasi. Safari ya kuelekea mji mkuu wa Archadia hupita nyanda, msitu, pwani na mapango, saa baada ya saa, na wahusika karibu hawana la kuambiana. Kitufe cha kuharakisha mwendo hadi mara nne ni msaada mkubwa hapo, ingawa mchezo unaohitaji kuharakishwa umeshakiri jambo fulani.

Vaan, kijana yatima ambaye tunaanza naye, ndiye anayeathirika zaidi. Kifo cha kaka yake kilimpa sababu ya kuwemo, lakini sababu hiyo huisha mapema, na kuanzia hapo yeye na rafiki yake Penelo huwa wasindikizaji wa mambo ya Ashe. Balthier, haramia wa angani, hujiita mhusika mkuu kwa utani, na ni vigumu kumpinga.

Muziki wa Hitoshi Sakimoto, uliorekodiwa upya kwa ala halisi, hauna dosari ninayoweza kuitaja.

Anayechoshwa na masimulizi atapata faraja katika mawindo 45, karibu yote ya hiari, ambayo mengi yake hudai orodha ipangwe upya kabisa. La mwisho ni Yiazmat, joka lenye uhai wa zaidi ya milioni 50. Nilimmaliza nikiwa nimekunja mikono muda mwingi, nikiinuka mara moja tu kupandisha mstari wa kufufua juu ya mstari wa tiba.