Rula Juu ya Ramani: Tathmini ya Kijitabu cha Kazi za Mwanafunzi wa Usanifu Majengo

Kijitabu hiki nilikinunua kwa shilingi 30,000 jijini Dar es Salaam, kwenye maonyesho ya kazi za wanafunzi wa usanifu majengo, kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyekuwa amekipanga mezani pamoja na modeli tatu za kadibodi. Kina kurasa 52 za ukubwa wa A3 zilizobanwa kwa waya, na ndani yake mna majengo matatu ya umma: maktaba huko Mbagala, makumbusho ya vyombo vya baharini huko Kilwa Kivinje, na ukumbi wa ngoma huko Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Jina la mwenye kazi silitaji, kwa kuwa bado yuko masomoni na kwa kuwa si yote nitakayoyasema yatamfurahisha. Mimi nimefanya kazi kwenye ofisi za usanifu na maeneo ya ujenzi kwa zaidi ya miaka 20, na nimekisoma kijitabu hiki kama ambavyo ningesoma michoro iliyoletwa ofisini na mtu anayetaka tuijenge kweli.

Nilipofika nyumbani nilianza kwa kuchukua rula. Chini ya ramani ya maktaba pameandikwa kipimo cha 1:100, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja ya jengo, lakini mlango wa chumba cha kusomea una upana wa milimita 4.5 kwenye karatasi, maana yake ni mlango wa sentimita 45, ambao hata mtoto wa darasa la nne mwenye begi mgongoni angeupita kiubavu. Kilichotokea hakihitaji uchunguzi mrefu: michoro iliandaliwa kwa karatasi ya A1, ikapunguzwa ili iingie kwenye A3, na kwa kuwa kila upande wa A3 ni nusu ya ule wa A1, kipimo cha 1:100 kimegeuka kuwa 1:200 bila mtu kukumbuka kubadilisha maandishi. Angechora mstari wa kipimo uliogawanywa kwa mita, mstari ungepungua pamoja na ramani na kusingekuwa na neno. Kosa hili limerudiwa kwenye majengo yote matatu, na mnunuzi anayetaka kujifunza vipimo kutoka kwenye kurasa hizi akumbuke kuzidisha kila kitu mara mbili.

Maktaba ndiyo kazi bora kuliko zote, na ubora wake hauonekani kwenye picha za kompyuta zilizopewa kurasa nne nzima, bali kwenye mkato mmoja, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima, ulio ukurasa wa 14 na kwenye vijichoro vya penseli vilivyoutangulia. Kabla ya kuchora chochote, mwanafunzi huyu alikwenda kukaa nje ya ofisi ya kata na kuchora jinsi watu wanavyosubiri: mama aliyemlaza mtoto kwenye kanga chini ya mwembe, vijana watatu waliokaa juu ya pikipiki zilizoegeshwa, mzee aliyeketi ukingoni mwa mtaro kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kukalia. Kutokana na vijichoro hivyo limezaliwa baraza la upana wa mita 1.8 linalopita upande wote wa kaskazini wa maktaba, lenye kibaraza cha zege cha kukalia kilichoinuliwa sentimita 45 kutoka sakafuni, ili hata asiyeingia kusoma awe na mahali pake. Nimeona majengo mengi ya umma yaliyogharimu fedha nyingi ambayo hayakumfikiria kabisa mtu anayengoja.

Baraza hilo, pamoja na kukaliwa, linafanya kazi ya kivuli, na hapa hesabu yake imekaa sawa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri ya mwezi Juni jua huwa limeinamia kaskazini kwa takriban nyuzi 30 kutoka utosini, na paa lililotokeza mita 1.8 hutosha kuutia kivulini ukuta wa kimo cha mita 3. Mwezi Desemba jua huhamia upande wa kusini, lakini huwa karibu zaidi na utosi, na kule kusini paa limetokezwa mita 1 tu, jambo linaloonyesha kwamba hakunakili upande mmoja na kuugeuza. Upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupenya chini ya paa lolote, ameweka vyoo, ngazi na stoo, na ukuta hauna dirisha hata moja. Chumba cha kusomea kina kina cha mita 9 na madirisha ya nako, yaani ya vioo vyembamba vinavyoinamishwa, pande zote mbili, hivyo upepo wa kusi unaingia upande mmoja na kutokea mwingine. Alilolisahau ni vumbi. Nako zilizoachwa wazi kandokando ya barabara ya Mbagala zitafunika vitabu vumbi ndani ya wiki moja, na hakuna mahali popote panapoeleza nani atafuta rafu hizo na kwa utaratibu gani. Vilevile angefikiria upya uamuzi wa kuziweka rafu zote ghorofani, kwa sababu vitabu ni mzigo mzito kuliko watu, na nguzo zake zilizoachana kwa mita 7.2 zitadai boriti nene kuliko alizochora.

Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, na mwenyewe anakiri kwamba aliitazama ile ya Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli ya miaka ya 1970, ambayo baada ya moto wa Julai 2021 ilizungumzwa hata na watu ambao hawakuwahi kuinua macho wakiwa sokoni. Kuiga si kosa. Kosa ni kuiga umbo na kuacha nusu ya sababu yake, kwa kuwa miavuli ile ilikuwa na kazi ya kukusanya maji ya mvua. Maktaba hii ina paa la mita za mraba 600, na siku moja ya masika yenye mvua ya milimita 50 hulimwagia lita 30,000, ilhali tangi alilochora ni la lita 10,000. Maji yanayobaki yataelekea kwa jirani, na anayeijua Mbagala wakati wa masika anajua jirani atasema nini.

Makumbusho ya Kilwa Kivinje yanaanza kwa utafiti wa kuheshimika. Mwanafunzi huyu amepima vyumba vya nyumba za mawe za pwani na kueleza vizuri kwa nini huwa vyembamba na virefu: boriti za mikoko zilizobeba dari zilikuwa na urefu wa kikomo, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na msitu na si na tajiri mwenye nyumba. Vyumba vyake vitano vya maonyesho vina upana wa mita 2.8, vimepangwa kuzunguka ua, na njia ya mgeni inapita kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lenye kivuli kabla ya kufika uani, kama mgeni anavyopokelewa katika nyumba ya Kiswahili. Ameeleza pia uhusiano na Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na Songo Mnara iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, bila kujaribu kujenga nakala ya magofu, na hilo ni jambo la busara kwa mtu wa umri wake.

Tatizo linakuja kwenye chumba cha sita, ambacho ndicho sababu ya makumbusho yenyewe kuwepo, yaani ukumbi wa jahazi. Ukumbi huo una dari la mita 6 na mlango wa mita 2.4. Jahazi la mizigo la mita 15 limechorwa katikati yake likiwa na mlingoti, foromali (mti unaoshikilia tanga) na tanga lililofunguliwa nusu, na kwenye picha ya kompyuta linapendeza kweli, ila mlingoti umetoboa dari na kupotea, na hakuna mahali chombo hicho kingeweza kupita kuingia ndani. Foromali peke yake hukaribia urefu wa chombo chenyewe, na mwenye kuona manahodha wakiipandisha hawezi kudhani kwamba itatosha chini ya mita 6. Majibu ya swali hili yapo na si mageni. Katika Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, mtepe wa maonyesho, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, uliwekwa kwenye ua wa katikati ambao kimo chake ni cha jengo zima. Hilo lilikuwa kabla ya sehemu ya jumba hilo kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mwanafunzi huyu tayari anao ua. Angelitoa jahazi chumbani akaliweka hapo, akaliezekea paa jepesi la juu, na akawaachia mafundi ukuta mmoja wa kujenga mwisho, baada ya chombo kuingia.

Kuna na dogo ambalo kwa mjenzi si dogo. Kwenye maelezo ya ujenzi ameandika kwamba nondo zitafunikwa kwa zege la milimita 25, na jengo liko hatua chache kutoka baharini. Hewa ya chumvi haina haya. Milimita 25 ni za bara, na ufukweni kama pale ningetaka 40 hadi 50, la sivyo nguzo zitaanza kupasuka na kutoa kutu kabla mkopo wa ujenzi haujalipwa. Nikiwa hapohapo, ningemwomba aondoe kwenye picha zake za Kilwa yule bwana aliyevaa koti zito na skafu shingoni, ambaye bila shaka alikuja pamoja na programu ya kompyuta na hajui kwamba amefika Kilwa.

Ukumbi wa ngoma wa Kisesa ulinisikitisha zaidi, pengine kwa sababu wazo lake ni zuri kuliko yote mawili yaliyotangulia. Kisesa ni jirani na Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, ambako kila mwaka mwezi Juni sherehe ya Bulabo hukutanisha vikundi vya ngoma. Jengo la umma la kuzipokea ngoma hizo, lenye vyoo, maji, mahali pa kuhifadhi ngoma na kivuli cha wazee, lina haki kamili ya kuwepo. Alichokichora ni ukumbi wa viti 600 vilivyofungwa sakafuni kwa umbo la feni, vyote vikitazama jukwaa moja. Sasa mashindano ya ngoma za Kisukuma, ya makundi mawili hasimu, Bagika na Bagalu, huchezwa kwa wakati mmoja, kila upande ukiwa na uwanja wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kuja kumtazama. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu yake: huhama, hurudi, hukimbilia upande wa pili akisikia kelele zimepanda, na mganga wa timu iliyokimbiwa hutafuta mbinu ya kuwarudisha. Mfunge mtazamaji huyo kwenye kiti namba 214 na umelimaliza shindano kabla ngoma haijapigwa. Ukumbi huu utafaa sana kwa mahafali na semina, na kwa mbunge anayetaka kuhutubia.

Kuhusu uchapishaji sina mengi. Karatasi ni nene na nzuri, rangi hazikuchujuka, lakini maelezo yamechapwa kwa kijivu hafifu chenye herufi ndogo mno, na nilisoma nusu yake nikiwa nimesimama dirishani. Kiswahili chake ni safi, jambo ambalo si la kawaida kwenye kazi za namna hii, na maneno kama daka, kiwambaza na boriti ameyatumia mahali pake. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, sehemu ya maktaba peke yake inastahili bei hiyo. Halmashauri inayotafuta michoro ya kujenga isikinunue bado.

Siku ya mwisho ya maonyesho nilirudi na nakala yangu, ikiwa imejaa alama za penseli. Alinisalimu, "Shikamoo mzee," nikamwitikia, na nikafungua moja kwa moja ukurasa wa 50, ambako kwenye kona ya chini pana kijichoro kisichozidi kiganja: viwanja viwili vya mviringo vilivyopakana, tuta la nyasi kati yake la watu kusimama na kugeuka upande wowote, miti kuzunguka, na vyoo na stoo ya ngoma vikiwa vimejificha nyuma ya tuta. Hakuna kiti hata kimoja. Nilimuuliza kwa nini aliuacha mchoro huo na kuchukua ule wa viti 600.

"Mzee, niliogopa wangesema hilo siyo jengo," alinijibu.

Nimemwomba auchore upya kwa kipimo kinachopimika kwa rula, pamoja na mkato wa tuta na mifereji ya mvua. Amesema toleo lililosahihishwa litakuwa tayari baada ya miezi michache, na nimeshaweka oda ya nakala moja kwa bei ileile.