Upandikizaji wa figo New Delhi: tathmini ya mtoaji

Mwaka 2016 kaka yangu na mimi tulilazwa katika hospitali moja binafsi ya New Delhi, yeye akiwa mgonjwa na mimi nikiwa mtoaji wa figo. Tathmini hii nimeichelewesha kwa makusudi, kwa sababu huduma ya namna hii haipimwi kwa wiki chache za wodini, bali kwa miaka inayofuata, na kwa watu wawili badala ya mmoja. Jina la hospitali naliacha.

Wakati ule hapa nyumbani Tanzania huduma hii haikuwapo. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017 ikishirikiana na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Kaka alikuwa akisafishwa damu mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 kila mara, na maji aliyoruhusiwa kunywa yalikuwa machache kiasi kwamba wifi alimpimia kwa kikombe cha kahawa. Anayelijua joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari atakielewa kikombe kile. Vipimo vya damu na vya tishu vilipoonyesha kwamba mimi ndiye ninayelingana naye, baba mkubwa aliitisha kikao, na swali lake la kwanza halikumhusu mgonjwa: “Mwanangu, na kizazi je?”

Swali hilo lilijibiwa vizuri sana Delhi, na hapa ndipo hospitali ile inapostahili sifa. Daktari alinieleza bila haraka kwamba mwanamke aliyetoa figo anaweza kushika mimba na kujifungua, ila ni vyema asubiri takriban mwaka mmoja, na akiwa mjamzito shinikizo la damu lifuatiliwe kwa karibu kuliko kwa wengine. Aliniambia pia jambo ambalo sikulitarajia: kwamba hadi nafika mlango wa chumba cha upasuaji nilikuwa huru kughairi, na nikighairi, ndugu zangu wangeambiwa tu kwamba sifai kuwa mtoaji. Sikuuhitaji mlango huo wa nyuma, lakini kujua kwamba upo kulinifanya nilale usingizi.

Sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza biashara ya viungo, na kwa wageni uchunguzi ni mkali zaidi. Tulipeleka vyeti vya kuzaliwa na barua ya ubalozi, kisha kila mmoja akahojiwa na kamati mbele ya kamera. Niliulizwa kama nimeahidiwa fedha, nani aliyenilipia nauli, na kama mume wangu ameridhia. Niliudhika, maana kuulizwa kama umemuuzia ndugu yako figo ni kama kutukanwa. Nilipowaona ukumbini watu ambao hawakuweza kueleza undugu wao, hasira ikaniisha.

Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Figo yangu ya kushoto ilitolewa kupitia matundu madogo na mkato mmoja mfupi, ikawekwa chini ya tumbo la kaka upande wa kulia, na zile zake za zamani zikaachwa mahali pake. Alipozinduka, mfuko wa mkojo ulikuwa ukijaa mbele ya macho yetu. Wifi aliupiga picha akamtumia mama, na mama, mwanamke ambaye kwa kawaida hataki hata neno choo litajwe mezani, akawaonyesha majirani.

Lawama yangu inaanzia siku ya 4, nilipopewa ruhusa ya kutoka. Chumbani kwa kaka walikuwa wakipishana mtaalamu wa lishe, mfamasia na mshauri nasaha. Mimi nilikabidhiwa karatasi moja iliyosema ninywe maji ya kutosha na nipimwe kila mwaka. Siku iliyofuata nilikwenda kumwona, nikitembea nimeinama, mkono umeshika ubavu. Muuguzi wa zamu akaniona, akanipa orodha ya dawa nishuke nayo hadi duka la dawa la chini, kwa kuwa katika daftari lake nilikuwa nimeshageuka kuwa ndugu wa mgonjwa. Nilishuka. Wiki hizo nilipatwa na huzuni ambayo sikuweza kuieleza, na miezi mingi ikapita kabla ya kuambiwa, tena si na wao, kwamba hali hiyo huwapata baadhi ya watoaji hata pale kila kitu kinapofanikiwa.

Kaka alirudi kufundisha. Hunywa dawa za kuzuia mwili usiikatae figo saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, awe harusini au matangani, na balungi hali tena kwa sababu huvuruga kiwango cha dawa hizo kwenye damu. Kilichotusumbua zaidi ni deni. Kwa karibu miaka 2 hakunibishia jambo lolote. Nikisema chumvi imezidi, imezidi. Siku tuliyogombana kwa sauti kuhusu mpaka wa shamba la baba, nilimpigia wifi simu nikicheka.

Kwa huduma ya mgonjwa naipa hospitali ile alama za juu, na kwa usimamizi wa sheria vilevile. Kwa mtoaji naipa nusu. Anayepanga safari ya India leo, au anayeandikishwa hapa nchini, aulize kabla ya kulipa amana ni nani atakayemfuatilia mtoaji, kwa muda gani na kwa gharama ya nani, na majibu apewe kwa maandishi, kwa kuwa bei ya jumla tuliyopewa sisi ilihesabu upasuaji wa watu wawili na ufuatiliaji wa mtu mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima tena. Mkojo hauna protini, shinikizo la damu liko sawa, na risiti imeandikwa jina langu.