Laptopu ya zamani inakuwa serveri ya kutelesharje ku nyumba: ThinkPad T430 na Transmission, hapa Lubumbashi

Bandugu na badada, mambo yenu. Leo hakuna telefone mupya, leo tuko na hii mashini munaona hapa juu ya meza, ThinkPad T430, ni ya mwaka 2012, batu wengi banaipita mu duka banaona ni takataka. Mimi nasema hii njo serveri ya kutelesharje yenye inafaa hapa kwetu kuliko ile ordi kubwa ya mezani unataka kuuza mbuzi ili uinunue. Kazi yake ni moja tu, inakaa ku nyumba, usiku inashusha mafaili, na wewe ukiwa ku kazi ao ku iniversite unaiamuru na telefone.

Mutaniuliza juu ya nini laptopu. Batri! Wale benye banafanya hizi video huko Ulaya banakuonyesha prosesa, banakuonyesha ram, banakuonyesha taa za rangi rangi, juu kwao kuran iko tu, haiendi. Hapa Lushi, ukae Kamalondo, ukae Katuba, ukae Ruashi, delestaji, ile ya kukatiwa kuran kwa zamu, unaijua. Kuran ikienda ordi ya mezani inakufa palepale, na diski yenye ilikuwa inaandika faili inakatwa katikati. Laptopu yeye inaingia ku batri, inaendelea, haina habari. Yaani ondilere, ile kisanduku cha kutunza kuran, iko ndani tayari, umeilipia pamoja na mashini. Na hii T430 batri inatoka kwa nyuma, munaona, nasukuma hapa, nasukuma na hapa, imetoka, unaweka ingine. Laptopu za sasa banazifunga na vis, batri ikichoka unaanza kutafuta fundi.

Sasa ukienda kununua, usikubali muuzaji akuonyeshe mashini ikiwa ku chaji. Mwambie achomoe, mukae mukiongea bei, muzungumze na habari za mupira, halafu uangalie asilimia imeshuka ngapi. Imeshuka mbio? Na bei ishuke mbio. Ekrani ikiwa na mustari hakuna shida, klavye ikikosa herufi mbili hakuna shida, hautaandikia barua hapo. Core i5 yenye iko ndani inatosha na inabaki. Watu banalipa prosesa na banasahau batri, na prosesa ya serveri ya namna hii muda mwingi inalala tu.

Kuna kitu kimoja kizuri ThinkPad iko nacho na laptopu nyingi hazina. Ukiingia mu BIOS, ile mipangilio ya mashini yenyewe mbele ya Windows haijawaka, Config, kisha Power, kuna mustari unaitwa Power On with AC Attach, weka Enabled. Maana yake kuran ikikaa sana mpaka batri ikaisha kabisa, siku kuran inarudi mashini inajiwasha yenyewe. Bila hiyo utapiga telefone ku nyumba umuombe mutoto abonyeze buto, na mutoto ameenda kucheza.

Lakini, na hapa munisikilize muzuri, laptopu ikibaki hai na rutere imekufa, umefanya nini? Hakuna. Rutere iko ku ukuta, haina batri. Kwa hiyo ao unanunua ile ondilere kadogo ya volti 12 ya rutere, ao unafanya kama mimi, unatumia modemu ya yuesibi ao ile MiFi kadogo, unaichomeka ku laptopu yenyewe, inakula kuran ya batri ya laptopu. Kila kitu kinaishi pamoja, kinakufa pamoja. Mimi naona hii ya pili ni bora na ni bei chini.

Tuingie mu programu. Windows mimi natoa. Si chuki, ni hesabu: Windows 10 msaada wake wa bure wa kawaida uliisha tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Windows 11 kwa mashini ya 2012 haikubali bila ujanja, na hata ukibaki nayo, asubuhi moja inaamka inashusha apdeti zake na inamaliza forfe yako yote, zile mega umelipia. Naweka Debian, ni Linux ya bure yenye inachukua pahali pa Windows, bila meza ya kupendeza, bila picha, maandishi tu. Ram inabaki karibu yote. Kisha kuna faili moja ya kurekebisha, /etc/systemd/logind.conf, unatafuta HandleLidSwitch unaandika ignore, juu bila hiyo ukifunga kifuniko cha laptopu inalala usingizi na serveri imekwisha.

Na saa! Hapa njo pahali video za wageni zinatupoteza. Congo iko na saa mbili, Kinshasa iko nyuma saa moja, sisi wa Lubumbashi na bale ba Goma na Bukavu tuko mbele. Ukifunga Debian unachagua nchi, inakuletea majina mawili, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi, na mutu wa haraka anachukua Kinshasa juu njo kapitali. Sasa fikiria forfe yako ya usiku inaanza saa sita ya usiku inaisha saa kumi na moja ya asubuhi. Mashini yenye saa ya Kinshasa itaanza kazi saa saba, umepoteza saa nzima ya bure, na itaendelea mpaka saa kumi na mbili, ile saa ya mwisho inakula mega za mchana, kwa bei ya mchana. Andika timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi, umemaliza.

Programu yenyewe ya kushusha ni Transmission, ni ya torenti, yaani batu banagawiana faili vipande vipande kutoka mashini moja mpaka ingine. Iko toka 2005, ni ya bure, kodi yake iko wazi, na kuna toleo linaitwa transmission-daemon lenye halina dirisha, linafanya kazi chinichini na unaliongoza na brauza ku porti 9091, porti ni kama mlango wa programu mu mashini. Naipenda juu ni nyepesi na haikusumbui na matangazo. Ukiweza chukua namba 4, ya 2023, ukurasa wake unakaa muzuri ku ekrani ya telefone kuliko ule wa zamani wa 3.00. Kuna qBittorrent pia, toleo lake la serveri linaitwa qbittorrent-nox, iko na vitu vingi zaidi, kutafuta, kupanga mafaili kwa kategoria, kama unapenda vile chukua ile. Mimi kwa mashini ya zamani nabaki ku Transmission.

Na kabla mutu hajaanza kusema torenti ni wizi: torenti ni njia tu. Debian yenyewe inatolewa kwa torenti. Kiwix banatoa Wikipedia nzima ya Kifaransa, faili moja inapita giga 30, ukishaiweka ku diski watoto ba jirani banasoma bila koneksio hata kidogo. Internet Archive pia banatoa torenti za vitabu vya zamani. Na torenti iko na faida moja kubwa kwa mutu mwenye kuran ya kwetu: faili inakatwa vipande, kila kipande kina alama yake ya kuhakikisha, kwa hiyo ikikatika inaangalia vipande gani ni vizima inaendelea pale ilifika. Faili ya kawaida ya brauza ikikatika ku asilimia 97, mara nyingi unaanza upya na unalia. Kwa hizo za kawaida natumia aria2, aria2c -c na linki, ile c ni ya kuendelea, lakini sharti serveri ya huko ikubali kuendelea, zingine hazikubali.

Mipangilio ya Transmission iko mu /etc/transmission-daemon/settings.json. Simamisha kwanza programu njo uhariri, juu ikizimika inaandika faili yake upya na yako yote inafutika, halafu mutu anasema Linux ni ngumu. Mule ndani weka jina na kodi ya siri. Kisha kuna rpc-whitelist, ile ni orodha ya adresi zenye zinaruhusiwa kuongea naye, mwanzo iko 127.0.0.1 peke yake, yaani mashini yenyewe tu, ukijaribu na telefone inakujibu 403. Utaongeza adresi zako, nitasema sasa hivi gani.

Juu sasa tunafika ku swali lenye linashinda batu wengi: niko mu mji, niko mbali na nyumba, naingiaje? Vitabu vitakuambia fungua porti ku rutere. Hapa usijisumbue. Opereta za simu hazikupi adresi yako peke yako ya intaneti, munashirikiana wengi adresi moja, inaitwa CGNAT, ufungue porti usifungue mlango hauko. Dawa yangu ni Tailscale. Unaiweka ku laptopu, unaiweka ku telefone, akonti moja, na hizo mbili zinaonana sawa vile ziko mu chumba kimoja, popote uko, na njia yao imefichwa kwa WireGuard. Kwa mutu binafsi ni bure. Kila kifaa kinapata adresi inaanza na 100, basi mu ile whitelist unaongeza 100.*.*.* na ile 403 inakwisha. Halafu mu brauza ya telefone unaandika adresi ya laptopu, nukta mbili, 9091. Hakuna mutu wa nje anaona hiyo porti. Na hapa njo raha: saa nane ya mchana niko Avenue Sendwe, nakuta linki ya magneti, ni mustari mumoja wa maandishi, naituma ku nyumba, haikuli mega, usiku mashini inafanya kazi nzito kwa forfe ya usiku.

Kuhusu kumpanga usiku. Transmission iko na kobe, kweli, kuna kapicha ka kobe, ukiibonyeza kasi inashuka, na unaweza kuipa ratiba, tuseme kutoka saa kumi na moja ya asubuhi mpaka saa sita ya usiku itembee kama kobe. Ni muzuri kwa mutu mwenye koneksio ya mwezi anataka tu mchana familia ipumue. Kwa mutu analipa kwa mega, kobe haitoshi, hata ukiiwekea 0 bado inaendelea kusalimiana na wengine mu mutandao, na salamu nazo zinahesabiwa. Hapo tumia cron, ile ya Linux ya kufanya kazi kwa saa umepanga, mustari mumoja wa kuwasha transmission-daemon saa sita ya usiku, mwingine wa kuizima saa kumi na moja. Lakini ujue, ukiizima hivi ukurasa wa 9091 haujibu mchana, ile linki ya magneti uitunze ku telefone uitume usiku ikishawaka. Na uiondoe ku kujiwasha yenyewe pamoja na mashini, la sivyo kuran inarudi saa tisa ya mchana na yeye anaanza kushusha.

Kingine chenye batu hawaoni: torenti inapandisha pia. Unashusha giga 4, na wewe unagawia wengine, na opereta anahesabu zote mbili. Kugawa ni adabu, mimi siwezi kukuambia usigawe kabisa, lakini weka kikomo, washa ratio-limit, uipe 1 ao hata chini, mwanzo iko imezimwa.

Diski ya nje ukiiweka usiiache na mupangilio wa FAT32, faili ya kupita giga 4 haiingii, ile Wikipedia utaisikia tu. Tumia ext4, iko na jono, ile daftari ya kile diski inaandika, yenye inasaidia kuran ikikata, exFAT haina. Mu /etc/fstab, ile orodha ya diski za kufungua, uandike nofail ili mashini iwake hata diski haipo. Na folda umupe debian-transmission, ile jina Transmission inatumia mu Debian, kuwa mwenye nayo, ukiona Permission denied ni hapo, usitafute mbali.

Batri isikae ku asilimia 100 mwaka mzima, inaweza kuvimba. Kuna programu inaitwa TLP, ku ThinkPad inaweza kusimamisha chaji ku 80. Na kiangazi, ile vumbi nyekundu yetu kuanzia mwezi wa 5, inaziba feni, fungueni mupulize. Mvua za radi zikianza, antena na kamba vichomolewe, batri haizuii radi.

Ubaya wake? T430 ni nzito, feni inasikika usiku kama ukilala mu chumba kimoja, yuesibi za kasi ni mbili tu, na hii yote ya maandishi meusi itamchosha mutu hajawahi kugusa Linux. Huyo abaki na Windows, aweke qBittorrent, awashe Web UI mu mipangilio, aambie Windows koneksio ni ya kupimwa, yaani ya kulipa kwa mega. Itafanya kazi, kwa maumivu kidogo.

Na benye banauliza Starlink, ile intaneti ya satelaiti, juu toka mwezi wa 5 mwaka 2025 iko na ruhusa mu Congo: kasi iko, ndiyo, lakini ile ya nyumbani nayo kwa kawaida iko nyuma ya CGNAT, kwa hiyo Tailscale bado unaihitaji, na antena yenyewe inakula wati makumi, batri ya laptopu haiwezi kuibeba. Kuran ikienda, antena inaenda. Kama pesa yako ni ya kitu kimoja, ondilere ya antena inakuja mbele ya mashini mupya. Bakomande yote nimeyaandika hapa chini ya video, muyachukue.